Chumbe na mvuvi

Ukikaa pwani Mtoni, karibu na magofu ya jumba la Sayyid Said alimozaliwa Salme mwaka 1844, unaviona Changuu na Bawe kama vile unaweza kuvishika. Chumbe huioni, ipo kusini, mkabala na Mbweni. Lakini ndiyo inayonisumbua.

Mwaka 1994 serikali iliifanya miamba ya magharibi ya Chumbe kuwa hifadhi, ikakabidhi uendeshaji kwa kampuni binafsi. Nyumba za wageni ni saba tu, basi. Maji ni ya mvua, umeme wa jua, vyoo havivuti maji. Wavuvi wa zamani wamefundishwa kulinda matumbawe, wala hawabebi bunduki: mvuvi akiingia wanamwendea, wanazungumza naye. Hapo sina neno.

Ila ni haki kumwambia mtu asitupe mshipi pale, halafu mgeni aogelee hapohapo kwa dola zake? Utaambiwa samaki wakizaliana ndani watatoka nje, mvuvi atafaidi. Kweli, lakini samaki wa kesho hapikwi leo, na watoto wanakula leo.

Mimi kinachonilainisha ni watoto wa skuli. Fedha za wageni huwapeleka Chumbe kujifunza, na wengi wao, hasa wasichana, wamekulia kisiwani bila kuchungulia chini ya maji hata siku moja. Binti anavaa miwani, anaona matumbawe ya kwao.

Haya, binti kapata. Baba yake mwenye ngalawa je? Huyo bado sijamwona akilipwa siku aliyogeuza tanga.