Saa ya Kugeuka

Wajukuu zangu, nimeambiwa kwamba wiki ijayo mnapanda basi kwenda Mbeya, na kwamba siku moja mmeitenga kwa ajili ya Ziwa Ngosi, nyinyi wawili tu, mke na mume, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Nimefurahi, kisha usiku sikupata usingizi. Nendeni, siwazuii. Ila kabla hamjatoka Kitete, mjini Tabora, kaeni hapa mnisikilize, maana kuna jambo ambalo mimi na bibi yenu hatujawahi kulisema mbele ya watoto.

Mnajua anavyochechemea kipupwe kikiingia. Mmekuwa mkisikia kwamba aliteguka kisimani. Si kisimani. Ni Ngosi, Julai ya mwaka 1981, na mwenye kosa ni mimi.

Nilikuwa nafundisha Mbeya, tuna miezi minane ya ndoa. Nilimwahidi kumwonyesha ziwa lililo juu ya mlima, jambo ambalo mtu wa huku kwetu Unyanyembe hawezi kuliamini mpaka alione. Siku yenyewe nikachelewa. Nilipita kwa rafiki, nikanywa chai, nikapiga soga, yeye kasimama mlangoni na kikapu. Tukapata lori pale Uyole, likatushusha Isongole, kwenye barabara ya Tukuyu, saa saba mchana. Mzee mmoja wa kijiji, Msafwa, akatuuliza tunakwenda wapi saa hizo. Nilipomjibu, akataka kumwita kijana wake atuongoze. Nikamshukuru kwa mdomo tu, nikamwambia njia tutaiona wenyewe. Nilikuwa mwalimu, nilijua kusoma ramani.

Mke wangu aliniambia turudi mara tatu. Zikumbukeni hizo mara tatu, kwa sababu ndizo zilizonifanya niwaite hapa. Mara ya kwanza ni pale miti mikubwa inapoanza kuchanganyika na mianzi, ukungu ukashuka tukawa hatuoni hatua ishirini mbele. Mara ya pili manyunyu yalianza, kanga zake zikalowa. Mara ya tatu tulikuwa tumefika ukingoni, na mbele yetu hapakuwa na ziwa wala chochote, weupe mtupu. "Mwalimu, turudi," alisema. Kila mara nilimjibu, "Bado kidogo." Nilikuwa nimekwishawasimulia walimu wenzangu kwamba nakwenda Ngosi, nikaona aibu kurudi bila kuliona.

Nikangoja karibu saa nzima. Na ukungu ukafunguka kweli. Sitawadanganya, wajukuu zangu, sijaona kitu kizuri kuliko kile. Lile ni shimo la mlima uliolipuka zamani sana, halafu kilele chake kikaporomokea ndani, likajaa maji. Wataalamu wenyewe wanaliita kasoko. Maji yako kiasi cha mita 2,060 juu ya usawa wa bahari, yamelala kwa urefu wa kilomita 2.5 hivi, na kuta za msitu zimeyazunguka pande zote kama chungu kilichofinyangwa na mkono mmoja. Rangi yake ilikuwa ya kijani kizito, kisha wingu likapita ikawa kama risasi. Bibi yenu alinishika mkono. Tulitazama kwa muda wa kumaliza chungwa moja, halafu ukungu ukafunga.

Na giza likaanza. Jua la Julai kule huzama kabla ya saa moja, lakini msituni usiku huingia mapema zaidi. Bibi yenu alikuwa amevaa viatu vyake vya harusi, vyenye soli laini. Akateleza kwenye tope, mguu ukabaki kwenye mzizi na mwili ukaenda. Nilisikia kifundo kikilia.

Nilimbeba, nikamburuta, nikambeba tena. Alitetemeka hata meno yakagongana. Baadaye akaacha kutetemeka, na mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi. Nilidhani amepata joto. Akaanza kusema maneno yasiyoshikana, ulimi mzito kama wa mlevi, akaniomba nimwache akae alale kidogo. Nilikuwa karibu kumkubalia. Ndipo nikaona kurunzi. Yule mzee hakutuona tukirudi, akamchukua kijana wake wakatufuata. Hatukuwahi kumlipa hata senti moja.

Nyumbani kwao mama mwenye nyumba alimvua bibi yenu nguo zote mbichi, akamfuta, akamvika sweta lake mwenyewe, akamfunika mablanketi na kulala naye ubavuni. Mtu mmoja alileta pombe ili apate joto, mama akamfukuza nayo. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa na haki: pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu akajisikia moto huku joto la ndani linamtoka. Alimpa chai ya sukari alipoweza kushika kikombe, si kabla.

Sasa sikilizeni kuhusu baridi, kwa sababu sisi wa Tabora tunadhani tunaijua. Kipupwe chetu ni kikavu. Unavaa koti alfajiri, saa nne umelitundika. Mji wetu uko mita 1,200 hivi, na ukingo wa Ngosi mahali pake pa juu unapita 2,600. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua joto kwa nyuzi sita au saba. Hesabuni wenyewe, kisha ongezeni unyevu na upepo. Nguo ya pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Kwa hiyo vaeni sufu, mbebe na koti la mvua, na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki hata kama anga ni safi. Mmoja wenu akianza kujikwaa, akashindwa kufunga kifungo, akanyamaza asivyo kawaida yake, safari imekwisha hapo hapo. Na anayeacha kutetemeka huku bado amelowa hajapona, amezidiwa.

Kushuka mpaka majini muache. Ukuta ni wima, watu hushuka kwa kushika mizizi. Tena ardhi ya kule Rungwe inatoa hewa ya kaboni, ile inayokusanywa ikatiwa kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala mabondeni, haionekani. Wenzetu wa Goma wanaiita mazuku, na wamezika watu kwa ajili yake. Kule Kamerun, Agosti 1986, Ziwa Nyos, nalo la kasoko, liliitoa kwa wingi usiku mmoja likaua zaidi ya watu 1,700. Sisemi Ngosi ni Nyos. Nasema msilale kwenye vishimo, na mkiona ndege au wadudu wamekufa mahali pa chini, pandeni juu upesi.

Hayo yote mngeweza kuyasikia kwa mtu mwingine. Langu mimi ni hili. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe, frasila mbili begani, kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, miezi mitatu njiani. Alinisimulia kwamba msafara uliamka kabla ya alfajiri, na jua likifika utosini mizigo ilikuwa chini. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, na hakuna aliyempita, hata tajiri mwenye mali. Mwendo wa mchana waliuita tirikeza, nao waliuogopa. Walifanya tirikeza pale tu ambapo maji hayakuwepo na hapakuwa na njia nyingine. Mimi mjukuu wake nilifanya tirikeza ya makusudi, mlimani, bila kirangozi, nikiwa na mke asiye na viatu vya safari.

Kwa hiyo laleni Mbeya, muwe Isongole saa mbili asubuhi. Mchukueni mtu wa pale awaongoze, mpatane naye malipo mapema, mmpe heshima yake. Muulizeni pia mambo ya ziwa. Wenyeji wana habari zao juu yake, na si za kuchekwa. Halafu, mkiwa bado barabarani, nyinyi wawili kubalianeni saa ya kugeuka. Nasema saa saba. Ikifika saa saba mnageuka, mmeliona au hamjaliona.

Na wewe kijana, nitazame. Mkeo akisema turudi kabla ya hiyo saa, mnarudi. Humuulizi kwa nini, huhesabu hatua zilizobaki. Na wewe binti yangu, mumeo akisema, ni hivyo hivyo. Bibi yenu hajanilaumu hata siku moja. Lakini kila Julai, anapoinuka kutoka kwenye mkeka, huweka mkono ukutani kwanza, nami hutazama pembeni.

Kuna sweta la kijani ndani ya mfuko wenu, lenye kiwiko kilichofumwa upya. Ni la yule mama. Bibi yenu alitaka kulirudisha asubuhi ile, mama akakataa, akasema njia bado ina baridi. Nyumba ilikuwa mkono wa kulia ukielekea msituni, mbele ya shamba la pareto. Wazee wale hawatakuwepo. Mpeni yeyote mtakayemkuta wa ukoo wao, mwambieni limetoka Tabora, na kwamba aliyelivaa bado yuko hai.