Chungu Kilichokwisha Kuchomwa

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ilitajwa mara tatu siku halmashauri ya kanisa letu, huku Rondo, ilipokaa kumjadili ndugu mmoja aliyekuwa ametoka kutumikia kifungo. Alikuwa mtunza hazina wetu. Fedha za mabati ya kanisa, tulizochanga kwa misimu miwili ya korosho na ufuta, alizila. Sasa alikuwa ameungama kwa padri na anaomba kurudi katika Ushirika Mtakatifu. Mzee mmoja akasimama akasema, "Huyu si udongo tena, ni chungu. Ameshachomwa. Mtamfinyangaje?" Wengi tuliitikia, na mimi nikiwamo.

Mzee alikuwa na Maandiko upande wake. Tunapenda kuhubiri Yeremia sura ya 18, pale chombo kinapoharibika mkononi mwa mfinyanzi naye akakifanya kuwa chombo kingine. Sura inayofuata hatuihubiri sana. Humo nabii anaagizwa kununua gudulia lililokwisha kuchomwa na kulivunja mbele ya wazee, nalo halitengenezeki tena. Kila mfinyanzi analijua jambo hili. Chungu kilichokauka juani ukikitia maji kinarudi kuwa tope. Kikishapita motoni, hata ukiloweke mwaka mzima, hakirudi.

Je, mtu naye hufika mahali ambapo hafinyangiki tena?

Nililelewa na mama mdogo aliyekuwa akifinyanga vyungu na mitungi. Hakuwa na gurudumu wala tanuri. Alijenga kwa mkono, akasugua kwa jiwe laini, akaanika kivulini, akachoma kwa kuni na nyasi uani. Chungu kikipasuka motoni hakukitupa. Vigae alivitwanga katika kinu kikuukuu, akavichekecha, akauchanganya unga wake na udongo mbichi. Sisi watoto tulidhani ni ubahili. "Udongo mtupu hupasuka," alitujibu. Nilikuja kuelewa baadaye: udongo mbichi hunywea ukikauka na ukichomwa, lakini chembe za kigae zimekwisha kunywea. Hutulia mahali pake, hushikilia wenzake, na huacha vinjia vya mvuke kutokea. Kigae hakirudi kuwa chungu kile cha kwanza. Kwa sababu kimepita motoni, kinakisaidia chungu kipya kupita.

Wako pia wafinyanzi wenye matanuri, wanaotengeneza vyombo vigumu kama jiwe. Wengi wao huchoma mara mbili. Baada ya moto wa kwanza chombo huchovywa katika uji wa majivu na mawe yaliyosagwa, kisha hurudishwa katika moto mkali zaidi, nyuzi 1,200 na kupita, mpaka uji ule uyeyuke uwe utando wa kioo. Ukipakwa, unafanana na tope la kijivu. Rangi huzaliwa ndani ya tanuri: chuma kidogo kilichomo hutoa kijani moto ukinyimwa hewa, na hudhurungi ukiipata. Hata fundi mzoefu hufungua tanuri roho juu. Mabakuli yenye utando kama huo yaliletwa Kilwa kwa majahazi kutoka mbali, hata China, na waashi wa Kilwa Kisiwani wakayapachika katika dari za msikiti ili yang'ae juu ya vichwa vya watu.

Kwa hiyo mzee wetu hakusema yote. Chombo kilichochomwa kinaweza kuingia motoni tena. Ila utando ule hauponyi ufa. Ukipakwa juu ya ufa, mara nyingi moto wa pili huuachanisha zaidi.

Hapo ndipo nilipowaogopa ndugu wa upande wa pili. Wao walitaka tumsimamishe Jumapili atoe ushuhuda, kwaya iimbe, vigelegele vipigwe, mambo yaishe. Lakini alikuwapo bibi mmoja mjane aliyetoa fedha za ufuta wake wote, na mvua bado ilimvujia ibadani. Nani alikuwa amemwuliza bibi huyo? Msamaha wa kanisa uliomruka yeye ulikuwa rangi tu. Nilisema hivyo, na sikupendwa na upande wowote.

Katika Luka 22 Bwana anamwambia Petro, kabla hajamkana, kwamba atakaporejea awaimarishe ndugu zake. Hamwahidi kwamba atakuwa kama mtu ambaye hakuwahi kukana. Anampa kazi inayomfaa mtu aliyevunjika. Niliusoma mstari huo miaka mingi bila kukumbuka kinu cha mama mdogo.

Ndugu yetu alikwenda kwanza kwa yule bibi. Waliyozungumza ni yao. Najua tu kwamba palizi ya msimu ule aliifanya shambani kwake. Kisha akaja mbele ya halmashauri, si kutoa ushuhuda, bali kutuonyesha jinsi alivyoiba: stakabadhi zenye sahihi ya mtu mmoja, sadaka zilizohesabiwa na mtu akiwa peke yake, daftari ambalo hakuna aliyeliomba kuliona. Tulikaa kimya. Nusu ya makosa yale yalikuwa yetu.

Siku hizi hupokea Ushirika, akikaa benchi la nyuma. Sanduku la sadaka lina kufuli tatu na watunza funguo watatu, kama alivyoshauri. Yeye hana ufunguo hata mmoja, wala hajauomba.