Mwambieni Daktari Mnachokunywa

Wanangu, nimelisema hili hadi sauti imenikauka, na nitalisema tena, kwa kuwa mzee akinyamaza lawama humrudia yeye.

Simkatazi mtu miti shamba. Katika Bonde hili, tangu Naivasha hadi Molo, nani hakulelewa kwa magome ya kuchemsha na mizizi ya kutia kwenye supu ya mbuzi? Lakini siku hizi mjini Nakuru, na kwenye hizo simu zenu, kumezuka jina la ashwagandha. Ni unga, ni vidonge, na sifa zake hazina mwisho: huondoa msongo wa mawazo, huleta usingizi, hurudisha nguvu za kiume. Mnadhani ni kitu cha India tu, kumbe mmea wenyewe huota humu humu, kandokando ya njia na penye maboma ya zamani. Tunda lake ni dogo, jekundu, limevikwa ganda jembamba kama karatasi. Mtoto aliyezoea kuchuma nathi huweza kudanganyika na lile ganda. Mwonyesheni tofauti: nathi ikiiva huwa na rangi ya chungwa, nayo huliwa, hilo jekundu lisiguswe. Hata wataalamu waliochunguza mmea huu, zaidi wameupima mzizi, si tunda.

Tuseme haki. Majaribio kadhaa, mengi yakiwa madogo, yameonyesha kwamba huwapunguzia baadhi ya watu msongo na kuwasaidia kulala. Lakini majaribio hayo ni ya wiki chache, ya miezi miwili au mitatu hivi. Anayeunywa mwaka mzima anajijaribu mwenyewe.

Na madhara yapo. Wapo walioumia ini: macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mweusi, mwili ukawasha. Si wengi, lakini wapo. Huweza pia kupandisha homoni za tezi ya shingo. Kwa anayemeza dawa za kisukari au za presha, huweza kuishusha sukari au presha kupita kiasi. Ukichanganywa na dawa za usingizi, usingizi huzidi. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasiukaribie. Mwaka 2023 Denmark iliupiga marufuku.

Hata hivyo, kinachonichosha si mti, ni siri. Mtu anapanga foleni kliniki ya presha, unga uko mfukoni. Muuguzi anamuuliza, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Anajibu, "Hakuna." Kwake yeye dawa ni ile ya hospitali, hii nyingine ni ya asili tu. Basi daktari anaongeza vidonge bila kujua kilichomo tumboni. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua, na mficha dawa vilevile.

Mmesahau Loliondo? Mwaka 2011 watu walivuka mpaka kutoka huku kwetu hadi Samunge, huko Loliondo, Tanzania, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa ya mzizi wa mugariga kwa shilingi 500 za Tanzania. Misururu ya magari ilifika kilomita nyingi. Wapo waliorudi wakaziacha dawa za UKIMWI kimyakimya, bila kumshauri daktari, na hali zao zikazorota.

Basi nawasihi. Chupa isiyo na jina la mmea wala kipimo, msiinywe, hata muuzaji akiwa na kipaza sauti kikubwa namna gani. Ulizeni kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Msiache dawa ya hospitali kwa sababu ya unga. Mkiona macho ya manjano, acheni hapo hapo mkaonwe. Mkingojea upasuaji, semeni mapema.

Na siku ya kliniki, itoeni ile chupa mfukoni mwiweke mezani. Daktari akiwakaripia, vumilieni. Karipio huishia mlangoni. Ini likiharibika mnakwenda nalo nyumbani.