Sauti ya nyumbani

Kijana wa Ruring'u, hapa Nyeri, anayesomea biashara Uingereza anaweza kufaulu mitihani yote, kisha siku ya mahojiano ya kazi sauti ikamkauka. Anahofia r na l zitabadilishana mdomoni, watu wacheke. Woga huo hakuupata ugenini. Tulimtia sisi, tulipomcheka darasani hadi akaacha kuinua mkono. Lafudhi ya nyumbani haikumzuia Wangari Maathai wa Ihithe, hapa hapa Nyeri: alikwenda kusoma Kansas, Marekani, mwaka 1960, akahitimu biolojia 1964, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobeli ya Amani. Wewe mwenye mahojiano wiki hii, taja cheo unachokitaka na mshahara unaoutaka, kwa lafudhi yako. Nasi wazazi, mtoto akisoma kwa sauti jioni hii, tumwache amalize ukurasa.