Kuhama, Kuhamishwa na Kuhamia

Tendo la kuondoka mahali na kwenda kuishi kwingine limepewa na lugha yetu maneno matatu yaliyo ndugu, na kila moja lafaa kuangaliwa. Anayehama huondoka, na neno lenyewe huangalia kule anakotoka. Anayehamishwa huondolewa, na neno huangalia mkono wa yule aliyetoa amri. Anayehamia huingia, na neno huangalia kule aendako na watu atakaowakuta. Mtu mmoja, katika safari moja, aweza kuwa yote matatu. Lakini pia aweza kuhama asihamie popote, akakaa ugenini miaka ishirini kama mpita njia. Katika insha hii twataka kuuliza: familia inapotoka upande mmoja wa nchi kwenda kuishi upande mwingine, ni jambo gani linalofanya mahali pawe pema pa kuhamia? Tena, ni nani mwenye haki ya kupachagua?

Swali hili si la watu wachache. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na Katiba ya mwaka 1977, kwa mabadiliko yaliyofanywa mwaka 1984, inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Mwalimu aliyezaliwa Kagera hufundisha Lindi, na muuguzi wa Iringa huhudumia wagonjwa wa Kigoma. Haki hiyo ni tunu kubwa. Hata hivyo, haki ya kuishi popote haitufundishi namna ya kuishi mahali. Hilo ni jambo la utamaduni. Tumechagua kulitazama katika wilaya mbili za mkoa wa Lindi, Nachingwea na Ruangwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi miaka ya 1990, kwa sababu ardhi ile pamoja na majirani zake imeonja karibu kila namna ya kuhama iliyopata kujulikana nchini.

Tuanze na mawazo ya kawaida. Baba wa familia apokeapo barua ya uhamisho, au aamuapo mwenyewe kutafuta maisha mapya, huuliza habari za maji, shule, hospitali, barabara na rutuba ya udongo. Hayo ni maswali ya haki, na mzazi asiyeyauliza ni mzembe. Kwa miaka mingi majibu yake yaliwatisha watumishi waliopangiwa kusini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kutoka Dar es Salaam ilipaswa kuvuka mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika barabara iliweza kufungwa kwa siku nyingi. Wako walioipokea barua ya kwenda Nachingwea kama hukumu, wakaenda peke yao na kuacha mke na watoto nyuma. Mtumishi wa namna hiyo aliweza kuifanya kazi yake vizuri, lakini aliishi huku akihesabu miezi, na wenyeji hawakukawia kulitambua hilo. Leo daraja lipo na lami imesogea. Lakini tabia ya kuhesabu miezi haikuondolewa na daraja. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba maswali ya maji na barabara, ingawa ni ya lazima, hayatoshi.

Nachingwea yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wajumbe chini ya uongozi wa John Wakefield kuchunguza mahali pa kulima karanga Afrika ya Mashariki na ya Kati. Wajumbe wale walizunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, wakapendekeza mashamba ya ekari 3,210,000. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Hapa Nachingwea msitu ulifyekwa kwa mitambo, nyumba zikajengwa, uwanja wa ndege ukatengenezwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa, na reli ikatandikwa. Kila kitu ambacho baba wa familia angekiulizia kiliandaliwa. Mwezi wa Januari 1951 mpango ule ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli ikaendelea kwa kitambo, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru ikafungwa na kung'olewa. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi: mvua, udongo, mitambo isiyofaa, na haraka. Lakini chini ya sababu hizo palikuwa na moja ya msingi: mahali palichaguliwa kutoka juu, na wale waliokuwa wakilima pale tangu zamani hawakuulizwa mvua ya kwao hunyeshaje. Hata leo mahali pamoja mashuhuri pale Nachingwea hujulikana kwa jina la Farm 17. Jina hilo ni namba tu.

Tuliweke kando ya tukio hilo tukio jingine, la jirani na la zamani zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kutoka Unguja msafara wa watu waliokombolewa utumwani. Walipita Lindi wakielekea bara, upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikuwa wamenyakuliwa. Walipofika Masasi, kusini ya Nachingwea ya leo, wasafiri wenyewe walisema kwamba safari imewachosha na kwamba nchi ile inawafaa, wakaomba wabaki. Askofu alikubali. Yafaa tutambue uzito wa jambo hili. Watu hawa walikuwa wameuzwa na kuhamishwa kama mizigo. Na pale Masasi, pengine kwa mara ya kwanza tangu watiwe minyororo, walichagua wenyewe mahali pa kulala. Uchaguzi wao haukuwakinga na mabaya: mwaka 1882 makazi yale yalishambuliwa na Wangoni waliojulikana kama Magwangwara, watu wakatawanyika, na baadhi yao wakaenda kuanza upya upande wa Newala. Lakini Masasi haikufutika. Ilijengwa tena na imedumu hadi leo. Hatusemi kwamba anayechagua mwenyewe hakosei. Twasema kwamba aliyechagua anayo sababu ya kujenga upya yanapobomoka, na aliyechaguliwa hutafuta kwanza wa kumlaumu.

Hapa hatuna budi kuyataja makazi ya vijiji. Siasa ya Ujamaa Vijijini iliyotangazwa mwaka 1967 iliwataka wananchi waungane kwa hiari. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa. Huku kusini jambo hilo lilikuwa limeanza mapema kuliko kwingi, kwa kuwa vita ya ukombozi ng'ambo ya mto Ruvuma ilihatarisha maisha ya waliotawanyika. Haki ituongoze tuseme yote mawili. Vijiji vilisogeza shule, zahanati na bomba la maji karibu na watu ambao hawakuwa wamepata kuviona. Lakini mkorosho hauhami. Mti huo huchukua miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na mkulima aliyepelekwa mbali na mikorosho yake aliiacha ikimezwa na vichaka. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya korosho tani zipatazo 145,000; msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga na bei ndogo vilichangia sana, lakini waliohama wanajua kwamba umbali kati ya nyumba na shamba ulichangia pia. Kama mkulima yule angeulizwa, angesema: kijiji nakubali, lakini kiwe karibu na miti yangu. Lilikuwa neno dogo tu, na thamani yake ilikuwa kubwa.

Yuko atakayetupinga kwa kusema: taifa halijengwi kwa kumwuliza kila mtu, na nyumba haiendeshwi kwa mkutano. Mwalimu akipangiwa Ruangwa na aende Ruangwa, na mke na watoto wamfuate. Pingamizi hili lina nguvu. Watoto wa Ruangwa wana haki ya kupata mwalimu, na kama kila mtumishi angechagua mjini, vijiji vingebaki gizani. Nasi twakubali kwamba wajibu huweza kumpeleka mtu asikopenda. Lakini kuulizwa si sawa na kupewa uwezo wa kuzuia. Baba anayemwambia mkewe, "Tunakwenda; wewe waona tukae wapi, na tuchukue nini?" hakupoteza ubaba wake. Mama ndiye atakayejua kisima kiko wapi na jirani gani atamwangalia mtoto mgonjwa usiku. Mtoto ndiye atakayechekwa shuleni kwa lafudhi yake. Bibi ndiye atakayewaza kaburi lake litakuwa wapi. Anayewahamisha hawa bila kusikiliza wajualo hufanya nyumbani mwake yaleyale yaliyofanywa na wapimaji wa karanga: huchagua kutoka juu.

Wala kuiuliza familia peke yake hakutoshi, kwa maana mahali pana wenyewe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika mabonde ya Usangu na Ihefu, ili kuyanusuru maji ya Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Familia zilisafiri na ng'ombe wao hadi kwenye nchi ya wakulima wa ufuta, mihogo na korosho, ambao hawakuwa na desturi ya kuishi na makundi ya mifugo. Aliyetoka hakuulizwa, na anayepokea hakuandaliwa. Baadaye yalipozuka magomvi ya mazao na malisho, ilikuwa rahisi kusema kwamba kabila hili ni baya au lile ni gumu. Sivyo. Palikosekana mazungumzo ambayo yangewafanya wageni na wenyeji wadaiane kwa haki. Tukumbuke kwamba watu wa Nachingwea walikwisha kupokea wageni wengi zaidi ya hao bila kinyongo: wapiganaji wa FRELIMO, walioongozwa na Samora Machel, waliofunzwa pale hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wenyeji walijua wageni hao ni nani, wamefuata nini, na kwamba siku moja watarudi kwao. Ukarimu hupenda kujua.

Na kwa kweli wenyeji wa nchi ile wana elimu ya kupokea iliyo ya zamani kuliko serikali zote. Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ya kale mwanamume aliyeoa alihamia kwa wakwe zake. Hapo ndipo alipokuwa mgeni. Alilima shamba la mama mkwe, alitazamwa namna anavyoshika jembe na anavyoitika akiitwa, na sauti ya mjomba wa watoto ilisikika nyumbani mwake kuliko yake. Kwa mtu wa bara aliyezoea kwamba mwanamke ndiye ahamiaye, desturi hii yaweza kuonekana kinyume. Lakini makabila yote yamekubaliana katika jambo moja: kwamba katika kila ndoa yuko mtu aliyehama, na yuko mwenyeji wa kumwonyesha njia. Familia inayovuka nchi nzima hukosa neema hiyo. Baba, mama na watoto wanakuwa wageni kwa pamoja, na ndani ya nyumba hamna mwenyeji hata mmoja. Basi ni lazima wamtafute nje.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii husomwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Sisi twaona kwamba jembe lile ni zawadi pia. Asiyepewa jembe hakuingizwa shambani. Angali anakaa barazani, analishwa na kuheshimiwa, na hakuna anayemtegemea. Siku anayoambiwa, "Kesho tunachimba kaburi, njoo," ndiyo siku aliyohamia. Na kwa kuwa jembe hupewa na mtu, si na udongo, mahali pa kuishi hapachaguliwi na upande mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imelitambua jambo hili kwa njia yake, kwani halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Anayetaka shamba hana budi kusimama mbele ya watu.

Kwa hiyo, familia inayopima ikae Nachingwea mjini au katika kijiji cha Ruangwa, tungeishauri ipime maji, shule na hospitali kwanza, kisha isiishie hapo. Na waende, baba na mama pamoja ikiwezekana, wakati wa kilimo, si wakati wa sherehe. Wakae siku tatu. Waulize mvua huanza lini, na mavuno yaliyopita yalikuwaje. Waulize pia wenyeji wanataka nini kwa mtu anayekuja kukaa nao. Palipo na jibu la wazi, hata likiwa gumu, pana nafasi ya kuishi. Mahali ambapo mtu atakosekana mazikoni na asiulizwe na yeyote, hata pawe na taa barabarani, pangali njiani. Nasi tulio wenyeji, popote tulipo, tusingoje mgeni aharibu ndipo tumfundishe. Siku ya tatu ikifika, tumpe jembe, na tumwonyeshe mpaka wa shamba ulipo.