Deni la Kijana na Chupa ya Mafuta

Ninyi vijana mliokwisha kupata kipaimara na kuanza kujitafutia riziki, mwezi huu twataka kutafakari habari ya mjane mmoja, iliyoandikwa katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 4, tangu mstari wa 1 hata wa 7. Mwalimu atakayeisoma mbele ya watu na aisome yote pasipo haraka. Wengi waijua kwa ajili ya mwujiza wake tu, wala hawakuona kwamba ni habari ya deni tangu mwanzo hata mwisho.

Mume wa mjane huyu alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii, mtu mcha Mungu. Naye alikufa akiwa na deni. Neno hili lipimeni vema. Maandiko hayasemi kwamba alikuwa mlevi au mvivu. Ugonjwa, mazishi, ada ya shule, mvua iliyokosa kunyesha, mambo haya humwingiza katika deni hata mtu mwaminifu, kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumhukumu kila mdeni. Lakini ucha Mungu wa marehemu haukumzuia mwia asije mlangoni. Alikuja kuwatwaa wana wawili wa mjane wawe watumwa wake.

Siku hizi sheria haimruhusu mwia kumtwaa mtoto wa mtu. Walakini utumwa wenyewe haujaondoka. Ulizeni katika mji wo wote wa Tanzania habari za mikopo iitwayo kausha damu, mtajibiwa. Mwalimu kijana wa shule amempa mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri, na mwisho wa mwezi mtu mwingine ndiye autoaye mshahara wake. Mwingine hukopa kwa simu, usiku, kitandani, pasipo kuonana uso kwa uso na mtu; programu ile huchukua majina yote yaliyomo katika simu yake, na siku ya kulipa ikipita, mama yake, mkuu wake wa kazi na hata mchungaji wake hupelekewa maneno ya kumwaibisha. Jambo hili lilizidi hata Benki Kuu ya Tanzania, mwezi wa Novemba mwaka 2024, ikatangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu pasipo leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji awe na leseni. Basi kijana aulizaye leseni kabla ya kutia sahihi hamtukani mtu, afanya lililo haki yake.

Nao wakopeshaji waliomo katika sharika zetu wasidhani ya kuwa neno hili haliwahusu. Mwaka 1540 Martin Luther aliwaandikia wachungaji akiwahimiza waihubiri habari ya riba mbaya pasipo kuogopa nyuso za watu, wala wasimpe mla riba Chakula cha Bwana maadamu hataki kutubu. Twaisoma amri ya saba kila mwaka pamoja na watoto wa kipaimara, na mara nyingi twaifundisha kana kwamba yamhusu mwizi wa kuku peke yake.

Turudi kwa mjane. Tazameni kwanza ya kuwa hakuficha. Alimwendea nabii Elisha akamlilia waziwazi: mume wangu amekufa, mwia amekuja. Vijana wengi huona haya hapa. Hukopa kwa huyu ili kumlipa yule, wakabadili namba ya simu, wakaacha hata kuja ibadani kwa sababu mzee fulani aketiye benchi la mbele awadai. Deni lililofichwa hivyo huongezeka gizani.

Elisha naye hakutoa fedha, wala hakumwendea mwia. Alimwuliza mama yule ana nini nyumbani. Swali hili ni gumu kuliko lionekanavyo, maana mdeni hujua sana asichokuwa nacho. Akajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Basi kijana mwenye deni na achukue karatasi, aandike upande mmoja kila kinachoingia mkononi mwake kwa mwezi, na upande wa pili kila amdaiye, fedha ngapi, kwa riba gani, na siku gani. Asiache hata deni la muuza maandazi.

Ngoja tuonyeshe faida ya karatasi hiyo. Tuseme kijana awiwa shilingi 600,000 na chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya 1.5 katika 100 kila mwezi. Awiwa 100,000 na mkopeshaji wa mtaani, kwa 10 katika 100 kila mwezi. Tena awiwa 30,000 na mwenye duka, pasipo riba. Deni lipi lamla zaidi? Atasema lile la laki sita. Lakini riba yake ya mwezi wa kwanza ni shilingi 9,000, na riba ya laki moja ya mtaani ni 10,000. Deni dogo lamla kuliko kubwa! Naye akitoa riba hiyo tu mwezi kwa mwezi, baada ya mwaka mmoja atakuwa ametoa 120,000, na laki moja yenyewe yadaiwa kama siku ya kwanza. Lakini akiweza kutoa 35,000 kila mwezi, na riba ikihesabiwa kwa fedha iliyobaki, atakuwa amelimaliza mwezi wa nne, naye atakuwa ametoa kwa jumla 123,975. Na aulize mapema kama riba yahesabiwa kwa fedha iliyobaki au kwa fedha ya kwanza. Wengi hawaulizi.

Kwa hiyo, akiisha kutoa rejesho alilolipatana na kila mmoja, kila shilingi ya ziada na iende kwanza penye riba kali. Na mwenye duka? Huyu ndiye husahauliwa, kwa kuwa ni mpole, hapigi simu, huendelea kumwamkia mdeni wake kila asubuhi. Kumlipa mkali kwanza na kumwacha mpole, kwa sababu tu ya upole wake, ni dhuluma. Mdeni amwendee, amwambie siku atakayolipa, aitimize.

Kisha Elisha akamwamuru mjane akaazime vyombo kwa majirani wote. Je, mwenye deni atumwa kukopa tena? Naam, lakini vyombo vitupu. Hakuazima mafuta wala unga. Aliazima vitu vya kufanyia kazi, ambavyo havikuliwa. Anayekopa mtaji wa cherehani, akiisha kupima kama cherehani yaweza kulipa, yu karibu na mjane huyu. Anayekopa apate kununua simu mpya, au kutoa mchango mkubwa wa harusi ili jina lake lisomwe mbele za watu, ameazima mafuta akayala.

Tena mjane alifunga mlango, yeye na wanawe. Kazi ile haikufanywa mbele ya majirani. Sisi twapenda mlango wazi: suti ya sherehe, picha za sherehe, kadi ya mchango ambayo mtu aona haya kuirudisha. Kijana alipaye deni hana budi kufunga mlango kwa muda, akubali kuonekana mnyonge miezi kadhaa. Nao wana wale wawili, ambao walikuwa watwaliwe, hawakuketi wakimtazama mama yao. Wao ndio waliomletea vyombo naye akamimina.

Mafuta yalipokoma, mama akarudi kwa nabii, naye akampa agizo lenye utaratibu wake: kwanza auze, kisha alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachosalia. Sisi twaugeuza utaratibu huo. Mshahara ukiingia twaishi kwanza, tukisema tutalipa kwa kitakachosalia, na hakisalii kitu. Kijana na atenge fedha ya deni siku ile ile apatayo mshahara, kabla ya kupita sokoni.

Yuko asemaye, Kristo amekwisha kunilipia madeni yangu yote. Ni kweli, deni la dhambi zako amelilipa kwa damu yake, wala huna la kuongeza. Lakini hakumlipa mwenye duka. Zakayo alipompokea Bwana Yesu nyumbani mwake, hakusema kwamba sasa wote aliowadhulumu wanyamaze. Aliahidi kurudisha mara nne. Neema ilimfungulia mkono.

Wako pia vijana wetu waliosomeshwa kwa fedha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ambao hujificha wasikatwe ile 15 katika 100 ya mshahara. Wasema, ni fedha ya serikali. Sivyo hasa, fedha wanayoizuia ndiyo ingemsomesha mdogo wao aliyekosa nafasi. Hata ile nyongeza ya 6 katika 100, iliyolalamikiwa sana, iliondolewa mwaka 2021.

Habari ya sadaka twaulizwa mara nyingi. Twaona hivi: mdeni asiache kabisa kumtolea Mungu, na atoe kidogo kwa moyo mweupe, lakini asikope ili atimize ahadi ya mavuno. Mzee wa usharika ampokeaye mtu kwa ajili ya bahasha nene, akijua ya kuwa imetoka kwa mla riba, amemsaidia mla riba.

Na kwa kuwa tumetaja mafuta: siku hizi mafuta huuzwa kwa wadeni, wakiahidiwa kwamba yatafuta madeni yao. Mjane wa habari yetu hakununua mafuta kwa nabii. Yeye ndiye aliyeyauza.

Ninyi walimu na wainjilisti, kijana atakapowajia na jambo hili, msianze kwa kumkemea, wala msimtolee fedha ya mfuko wa usharika siku ile ile. Ketini naye na karatasi, mwulizeni ana nini nyumbani. Kama mwia ni mkali, mmoja wenu afuatane naye kwenda kuomba siku zaidi. Wakopeshaji wengi hukubali rejesho dogo la hakika kuliko ahadi kubwa. Mkipatana neno, liandikwe, litiwe sahihi na pande zote mbili, na kijana apewe nakala yake kabla hajatoka chumbani.