Wazee Wawili, Tarehe Moja

Jumapili iliyopita niliahidi habari ya wazee wawili, saa ikaniishia. Basi hii hapa.

John Adams na Thomas Jefferson walikuwa kwenye kamati ya watu 5 iliyopewa kazi ya kuandaa Azimio la Uhuru wa Marekani, lililopitishwa tarehe 4 Julai 1776. Walikuwa marafiki wa kweli. Halafu siasa ikaingia, na hapo sisi Wakenya hatuhitaji maelezo. Uchaguzi wa 1800, Jefferson akamshinda Adams aliyekuwa rais. Siku ya Jefferson kuapishwa, Adams aliondoka Washington alfajiri, hakungoja. Wakanyamaziana miaka na miaka.

Daktari Benjamin Rush, rafiki wa wote wawili, ndiye aliyehangaika katikati, akimwandikia huyu na yule. Januari 1812 Adams akaandika kwanza. Jefferson akajibu. Wakaandikiana barua zaidi ya 150.

Sasa sikia. Tarehe 4 Julai 1826, uhuru ukitimiza miaka 50 kamili na watu wakisherehekea, Jefferson akafa nyumbani kwake Virginia, mchana, akiwa na miaka 83. Jioni hiyo hiyo Adams, miaka 90, alikuwa anakata roho kule Massachusetts. Inasemekana alitamka kwamba Jefferson bado yuko hai. Kumbe mwenzake alishatangulia saa chache, na simu hazikuwepo. Miaka 5 baadaye James Monroe, naye rais mstaafu, akafa tarehe hiyo hiyo!

Watu hushangaa hiyo tarehe. Mimi nashangaa 1812. Nilisomea biashara, na deni la benki lina siku yake ya kulipwa, imeandikwa. Deni la ndugu na ndugu halina. Wazee hawa, siku ilipowafikia, walikuwa wamemaliza hesabu miaka 14 kabla. Na Yesu kwenye Mathayo 5 anataka hata sadaka ingoje pale madhabahuni, ukapatane kwanza.

Nahubiri haya nikiwa mdaiwa. Mimi na kaka yangu mkubwa hatujaongea tangu tumzike baba, sababu ya mpaka wa shamba, futi 6 tu. Mama ndiye Daktari Rush wetu, anabeba salamu huku na huku, na magoti yanamuuma. Jumatano nilimpigia kaka. Hakushika. Nitampigia tena leo baada ya ibada ya pili. Mniombee.